Bwana wa mayele kwenye tele: filamu za visa vya kweli zinaonyesha nini, na zinaficha nini

Umeme wa SNEL ukirudi jioni katika kartye za Kambove, tele zinawashwa kabla sufuria ya bukari haijatoka motoni. Wengine wana dekoda ya Canal+, wengine wanangojea kijana anayejaza filamu kwenye kadi ya simu kwa franka kidogo. Akina mama wanatazama, na akina baba pia, hata kama wengi wao hawakubali. Katika miaka ya karibuni kuna aina moja iliyoongezeka: filamu na serii zinazosimulia kisa cha kweli cha mtu aliyeingia kwa mwenzake na mapendo mengi, akamfunga kidogo kidogo, akamla makuta, na mwisho mmoja wao akaishia hospitali, gerezani au kaburini.

Mazungumzo ya kesho yake kwenye bomba la maji, sokoni na ndani ya gari la kwenda Likasi yanafanana. Mmoja anasema: "Ule bwana alikuwa mubaya toka mwanzo, mie nilimuona." Mwingine anajibu: "Na bibi naye, macho yake ilikuwa wapi?"

Sentensi hizo mbili zinatoka kwenye mtego ambao filamu yenyewe inauweka. Mtazamaji alimuona yule bwana toka mwanzo kwa sababu alionyeshwa: muziki unabadilika akiingia, kamera inabaki usoni pake wakati wengine wamekwisha kugeuka, na jina la filamu limekwisha kusema kila kitu. Bibi wa kwenye kisa hakusikia muziki wowote. Alichokiona yeye ni mtu anayempigia simu kila saa, anayemuuliza amekula nini, anayetaka kuleta mahari haraka. Kwa mama mkwe wa baadaye, huyo ni kijana mwenye adabu.

Taa inayofifia

Tendo la kumfanya mtu aamini kwamba akili yake mwenyewe imeharibika lina jina lake kwa Waingereza na Wamarekani, na jina hilo lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza. Mwaka 1938, mwandishi Mwingereza Patrick Hamilton alitoa mchezo uitwao Gas Light. Ndani yake, bwana mmoja anapanda usiku kwa siri kwenye orofa ya juu kutafuta vito. Akiwasha taa za gesi kule juu, taa za chini zinafifia. Bibi anaona mwanga unapungua, bwana anamwambia hakuna kilichopungua. Tena anaficha vitu vidogo vya nyumbani, halafu anamuuliza bibi yake kwa nini amevipoteza. Kisa hicho kiligeuzwa filamu Uingereza mwaka 1940, kisha Marekani mwaka 1944, na Ingrid Bergman akapata tuzo ya Oscar kwa kucheza nafasi ya bibi huyo. Neno likaingia katika maongezi ya kawaida, mpaka mwaka 2022 kampuni ya kamusi ya Merriam-Webster ikalichagua kuwa neno la mwaka.

Kisa cha Hamilton ni cha kubuni, lakini filamu za visa vya kweli zimejaa taa kama hiyo. Kambove taa za gesi hazipo, ila simu ipo. Ujumbe unafutwa, halafu mtu anasema: "Nilikuandikia, weye njo haukusoma." Makuta ya likelemba yanapungua kwenye sanduku, halafu: "Ulihesabu mubaya, siku hizi unasahau sana." Mtu akiambiwa hivyo mara moja anakasirika. Akiambiwa kwa miaka miwili anaanza kuandika mambo kwenye karatasi ili ajihakikishie mwenyewe, na anaificha karatasi.

Kisa cha Douai

Kati ya zile zilizotengenezwa kwa Kifaransa, inayostahili kutazamwa zaidi ya mara moja ni L'Emprise. TF1 iliionyesha tarehe 26 Januari 2015, na zaidi ya watu milioni 8 wakaitazama usiku huo. Kichwa chake hakina neno moja la Kiswahili. Ni ile hali ya kushikwa na mtu bila kamba. Odile Vuillemin anacheza nafasi ya Alexandra Lange, mama wa watoto wanne kutoka kaskazini ya Ufaransa. Bwana anachezwa na Fred Testot, ambaye Wafaransa wengi walimjua kama mtu wa kuchekesha. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili: mtazamaji anafika na uso anaoupenda, na inamchukua muda kuuogopa.

Mambo yenyewe ni haya. Lange aliishi zaidi ya miaka kumi na bwana aliyemtukana, aliyemtenga na watu na kumpiga. Usiku mmoja wa Juni 2009, bwana huyo alipokuwa akimkaba koo, alimchoma kisu mara moja, na bwana akafa. Mwezi wa Machi 2012 alisimama mbele ya mahakama ya jinai huko Douai. Hapo likatokea jambo ambalo hata avoka wenye mvi hawalioni mara nyingi: mwendesha mashitaka Luc Frémiot, ambaye kazi yake ilikuwa kuomba adhabu, aliomba mama huyo aachiliwe, akamwambia kwamba pale mahakamani hapakuwa mahali pake. Baraza la raia wanaohukumu likamwachilia. Mwaka huo huo Lange akatoa kitabu cha maisha yake, na filamu ikatoka kwenye kitabu hicho.

Wengi wanaikumbuka kwa ajili ya kisu na mahakama. Nguvu yake iko penye sehemu za kuchosha, zile ambazo mtu anataka kuzirukisha kwa rimoti. Siku zinapita, hakuna kinachotokea, isipokuwa mama anazidi kusema kwa sauti ya chini. Anaanza kupima kila neno kabla ya kulitoa. Watoto nao wanajifunza kusikiliza jinsi mlango unavyofunguliwa, juu ya kujua usiku utakuwa wa namna gani. Katika nyumba nyingi ambamo hakuna polisi atakayefika wala hakuna mtu atakayekufa, sehemu hizo peke yake ndizo zinazofanana na maisha.

Kuna jambo moja juu ya Frémiot ambalo lingestahili filamu yake. Kuanzia mwaka 2003, alipokuwa mkubwa wa parke ya Douai, aliweka utaratibu wa kumtoa nyumbani yule anayepiga, siyo yule anayepigwa. Mwanaume alipelekwa kulala kwenye nyumba ya watu wasio na makao. Bibi na watoto wakabaki na vitanda vyao na shule yao. Katika filamu karibu zote za aina hii, bibi ndiye anayebeba valizi usiku. Ni picha nzuri kwa kamera, lakini inamzoeza mtazamaji kuona kwamba mwenye kosa ndiye mwenye nyumba.

Filamu siyo hukumu

TF1 ilirudia njia hiyo tarehe 1 Oktoba 2018 na kisa cha Jacqueline Sauvage, kikichezwa na Muriel Robin. Mama huyo alimpiga bwana yake risasi tatu mgongoni mwezi wa Septemba 2012, baada ya miaka 47 ya ndoa. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 10 mwaka 2014, na ya pili ikarudia hukumu hiyo hiyo mwaka 2015. Raia wengi walitia sahihi kumuombea, na Rais François Hollande akampunguzia adhabu Januari 2016, kisha akamsamehe kabisa tarehe 28 Desemba 2016.

Mtu aliyetazama filamu hizi mbili kwa kufuatana anaweza kusema ni kisa kimoja. Sivyo. Lange alikuwa akikabwa wakati ule ule. Sauvage alipiga mtu aliyempa mgongo, na mahakama mbili zilizosikia mashahidi wote hazikukubali kwamba alikuwa anajitetea. Msamaha wa Rais haufuti hukumu. Mtazamaji anaweza kuwahurumia wote wawili, ana haki, lakini filamu ya saa moja na nusu inachagua mashahidi wake na haimpi mtu mwingine nafasi ya kuuliza maswali. Yaandikwapo maneno "kisa cha kweli" mwanzoni, maana yake ni kwamba mtu fulani aliishi jambo fulani. Hayasemi kwamba kila neno lililosemwa jikoni lilisemwa hivyo.

Mwenye kula makuta

Aina ya pili haina damu, na pengine ndiyo yenye faida zaidi kwa vijana wenye simu. The Tinder Swindler ilitolewa na Netflix tarehe 2 Februari 2022. Ni kisa cha Shimon Hayut, Mwisraeli aliyejiita Simon Leviev na kujifanya mtoto wa tajiri wa almasi. Alikutana na wanawake kwenye programu ya simu, akawapeleka hoteli kubwa na ndege za kukodi, na baada ya wiki au miezi akawaambia kwamba maadui wanamuwinda, kadi zake zimefungwa, wamsaidie kwa muda mfupi tu. Cecilie Fjellhøy wa Norwe alichukua mikopo benki moja baada ya nyingine kwa ajili yake. Makuta ya mwanamke wa leo yalilipia hoteli ya mwanamke wa kesho. Gazeti la Norwe liitwalo VG ndilo lililomfichua mwaka 2019, mwaka ule ule akakamatwa Ugiriki na kurudishwa Israeli. Alihukumiwa miezi 15, akakaa karibu miezi mitano, akatoka. Mbele ya hapo alikuwa amekwisha kufungwa Finlandi kwa kosa la namna hiyo hiyo.

Mtu wa Kambove anaweza kucheka: nani ana ndege ya kukodi hapa? Ondoa ndege, weka gari la kuazima na kofia ya kampuni ya mugodi. Anajitambulisha kuwa mkubwa wa kazi kwenye kampuni ya Kolwezi, au mwenye kiwanja kinachotoa kobalti. Anatuma makuta ya kwanza yeye mwenyewe, kwa Airtel Money au M-Pesa, franka kidogo za kununua sabuni. Hapo ndipo hesabu inapoanza, kwa sababu aliyepokea anaona haya kukataa siku naye atakapoombwa. Kisha mutambo unaharibika, polisi wa barabara wanashika lori, mzee anafariki Kasai na hakuna nauli. Kila shida ni ya haraka, kila shida inadumu mpaka kesho tu, na kila shida ni siri: "Usimwambie yaya yako, ataona mie ni mtu bure."

Na wanaume wanaliwa pia. Abidjan, watu wanaotapeli kwa mapendo ya intaneti wana jina lao, brouteurs, na wengi wa wanaowalia makuta ni wanaume wa Ulaya wanaofikiri wanaandikiana na msichana. Haya inawafunga mdomo wanaume zaidi kuliko wanawake.

Iten na Endebess

Filamu zote hizo zinatoka mbali. Visa vya karibu zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili ni vya Kenya, navyo vilijulikana dunia nzima kwa sababu waliokufa walikuwa wakimbiaji.

Agnes Tirop alikuwa na miaka 25. Mwezi wa Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao huko Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Oktoba, alikutwa nyumbani kwake Iten amechomwa kisu. Bwana yake alikamatwa Mombasa, akashitakiwa kwa mauaji, naye akakana. Wakimbiaji wenzake, wakiwemo Viola Cheptoo na Joan Chelimo, walianzisha shirika la Tirop's Angels juu ya kuwasaidia wanawake wanaotishwa nyumbani.

Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekuwa akiishi upande wa Kenya, alikimbia maratoni ya Michezo ya Olimpiki ya Paris mwezi wa Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba, akitoka kanisani na watoto, mwanaume aliyekuwa mwenzake zamani alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia. Alikufa tarehe 5 katika hospitali ya Eldoret. Yule mwanaume naye alikuwa ameungua, akafa siku chache baadaye. Ugomvi ulikuwa wa kiwanja ambacho Cheptegei alinunua na kujenga nyumba kwa makuta ya mbio. Jamaa yake walisema walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko polisi.

Visa hivi vinaonyesha mambo mawili ambayo filamu nyingi zinayapita mbio. La kwanza ni karatasi. Mwanamke anapata makuta kwa nguvu za miguu yake, na ugomvi unahamia kwenye jina lililo kwenye kiwanja. Katika nchi ya mabonde ya Kenya, wanawake wakimbiaji wameeleza mara nyingi jinsi mwanaume anavyofika kama mwalimu wa mazoezi au msimamizi, akageuka mchumba, kisha akashika hesabu zote. Badala ya mbio weka duka la unga, mashine ya kusaga au safari za Kasumbalesa, na watu wa Kambove wataelewa bila kuelezwa.

La pili ni saa ya kutoka. Cheptegei hakuwa tena na mwanaume yule. Watu wanaofanya kazi na wanawake wanaopigwa, katika nchi nyingi, wanakubaliana kwamba siku anazotangaza kuondoka na miezi inayofuata ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Filamu nyingi zinamalizia mlangoni: mama anashika watoto mkono, mlango unafungwa, majina ya wachezaji yanapanda. Mtazamaji anayejifunza kutoka hapo anajifunza kwamba kutoka ni mwisho wa kisa. Tena anajifunza kumwambia mwenzake usoni kwa hasira, kama alivyofanya yule wa kwenye tele, kwamba kesho anaenda kwao.

Yeye naye anatazama

Kuna mtu mwingine sebuleni ambaye hazungumziwi. Bwana anayechunguza simu ya bibi yake naye anakaa pale pale, anatazama filamu ile ile. Kisu kikitoka, anaweza kusema: "Ona sasa, watu wabaya njo hao. Mie nimekupiga siku gani?" Na kweli hajawahi kumpiga. Filamu ya mauaji inapandisha kipimo cha ubaya mpaka juu sana, na kila kilicho chini yake kinaanza kuonekana kama mapendo. Hii ndiyo hasara kubwa ya aina hii ya filamu, kubwa kuliko kuogopesha watoto.

Kipimo kingine kipo, na hakitoki kwenye filamu. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu na afya uliofanywa Kongo mwaka 2013-2014, unaojulikana kwa herufi EDS, uliwauliza wanawake maswali ambayo yanaulizwa hivyo hivyo katika nchi nyingi. Je, bwana anaona wivu au kukasirika ukizungumza na wanaume wengine? Anakushitaki mara kwa mara kwamba si mwaminifu? Anakukataza kuonana na rafiki zako wa kike? Anajaribu kupunguza kuonana kwako na jamaa yako? Anataka kujua kila wakati uko wapi? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalotaja kofi. Maswali ya kofi na ngumi yanakuja baadaye, na waliopanga hivyo walikuwa na sababu. Katika uchunguzi huo, zaidi ya nusu ya wanawake waliowahi kuolewa walisema wamepata ukali wa mwili, wa maneno au wa kulazimishwa kitandani kutoka kwa bwana.

Wivu, kwa watu wengi, bado ni cheti cha mapendo. "Anakufuata juu anakupenda." Bwana mwenye biro ya pili mjini anaweza kuwa ndiye anayeuliza zaidi bibi ametoka wapi. Hilo linajulikana Kambove na linachekwa kwenye baa, lakini kwenye filamu za Ulaya halionekani hivyo, kwa sababu kule mwenye wivu huwa peke yake na bibi. Hapa ana msaada: shemeji, mama mkwe, wakati mwingine mchungaji, wote wanamwambia bibi avumilie, na wote wanamtakia mema.

Redio ilifanya hivyo polepole

Kisa kilichofundisha vizuri zaidi jambo hili huenda hakikuwa kwenye tele. The Archers ni tamthilia ya redio ya BBC kuhusu kijiji cha wakulima, inayotangazwa tangu mwaka 1951. Mwaka 2013 aliingia mtu mpya, Rob Titchener. Alikuwa na sauti nzuri, mwenye kusaidia, na Helen akampenda. Kwa karibu miaka mitatu wasikilizaji walimsikia akimrekebisha Helen kidogo kidogo: chakula, nguo, namna anavyoendesha gari, rafiki anaowaona. Kwa muda mrefu hakuna aliyepigwa. Waandishi walishauriana na mashirika ya Refuge na Women's Aid yanayosaidia wanawake. Wasikilizaji wengine walichoka, wakaandika kulalamika kwamba kisa kinakwenda polepole mno. Wengine walisema walitambua nyumba yao wenyewe.

Tarehe 3 Aprili 2016 Helen alimchoma Rob kisu, na mwezi wa Septemba baraza la mahakama ya redioni likamwachilia. Wakati huo msikilizaji mmoja alikuwa ameanzisha mchango kwa jina la Helen, mtu ambaye hayupo, na zaidi ya pauni 100,000 zikapelekwa kwa Refuge. Katikati ya kisa, tarehe 29 Desemba 2015, sheria mpya ilianza kazi Uingereza na Welisi: kumtawala mwenzako kwa vitisho, kumtenga na kumnyima uhuru, kwa kurudia-rudia, kukawa kosa hata bila kumpiga, na adhabu inaweza kufika miaka 5 gerezani.

Redio iliweza kwa sababu haina uso wa kuonyesha. Msikilizaji alikuwa katika hali ile ile ya Helen, mwenye sauti nzuri masikioni.

Katanga nayo ina urithi wake. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, likiongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, lilicheza kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha watu wa kazi, mambo ya nyumba, ya mishahara na ya ulevi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliliandikia kitabu kizima mwaka 1990. Katika teatre za namna hiyo mtu wa mayele mara nyingi anachekesha, na watu wanampigia makofi hata anapomla bibi yake makuta. Kicheko hicho ni kizuri. Lakini bado kuna nafasi ya teatre moja ya polepole, kwa Kiswahili cha Katanga, ambamo mtu wa mayele hachekeshi.

Sheria ya Kongo inasema nini

Kongo haina kosa moja linalojumlisha utawala wa nyumbani kama lile la Uingereza. Vipande vyake vipo mahali mbalimbali. Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 14, inaitaka serikali ipigane na ukali dhidi ya mwanamke katika maisha ya hadharani na ya nyumbani. Kodi penali inaadhibu kupiga na kujeruhi, na vitisho. Mtu aliyekabidhiwa mali akaigeuza yake anafuatwa kwa kuvunja uaminifu, ibara ya 95. Aliyejipa jina au kazi ya uongo juu ya kupata makuta anafuatwa kwa utapeli, ibara ya 98. Hiyo ya 98 ndiyo inayomhusu Simon Leviev wa Kambove, hata kama alisema ni mapendo. Sheria za 20 Julai 2006 zinahusu ukali wa kijinsia. Kodi ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 inagusa usumbufu na vitisho vinavyopitia simu na intaneti.

Jambo kubwa kwa walioolewa ni sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kodi ya familia ya 1987. Zamani bibi alihitaji ruhusa ya bwana ili atie sahihi mkataba au afungue kesi. Ruhusa hiyo iliondolewa. Bado kuna watu, hata wenye ofisi, wanaomuomba bibi alete karatasi ya bwana. Anaweza kuwaambia ni sheria ya zamani. Ndoa ya mila nayo inatakiwa kuandikishwa etasivili. Bibi ambaye ndoa yake haikuandikwa anapata taabu siku ya kudai nyumba, na bwana mwenye mabibi wawili anapenda sana ndoa zisizoandikwa.

Anayepigwa anaweza kuanzia hospitali, aombe karatasi ya daktari siku hiyo hiyo, kabla jeraha halijapona. Polisi ina kikosi cha kulinda watoto na kuzuia ukali wa kijinsia. Malalamiko yanaweza kwenda pia moja kwa moja parke ya Likasi. Ujumbe wa vitisho usifutwe, utumwe kwenye simu ya mtu mwingine. Risiti za M-Pesa na Airtel Money zina tarehe, saa na jina, nazo ni ushahidi.

Anayefikiria kuondoka, asimwambie mwenzake siku wala mahali. Abadilishe namba za siri za simu na za makuta akiwa mahali pengine. Karatasi za ndoa, za kuzaliwa kwa watoto, za kiwanja, za shule na kadi ya mpiga kura, au kopi zake, azipeleke moja moja kwa mtu anayemwamini: mama mdogo, mwenzake wa likelemba, mkubwa wa kwaya. Zisikae chini ya godoro, kwa sababu hapo ndipo zinapotafutwa kwanza.